Vyerehani Vitano Havikusimama

Mtaani kwetu Kasulu walisema mimi ni baba mwenye moyo wa jiwe, na ushahidi walikuwa nao. Mchana kweupe, mbele ya wateja, binti yangu wa miaka minane alikuwa akijigonga kichwa kwenye nguzo ya baraza, nami nilikuwa nimeinamia cherehani changu nikishona pindo la sketi ya shule. Sikuinua macho. Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alitema mate chini, akasema kwa Kiha kwamba hata mbuzi humgeukia mwanawe akilia. Nilimsikia vizuri. Niliendelea kushona. Sijawahi kumwomba radhi mama yule, na leo siombi.

Huo ulikuwa mwaka 2013. Tulikuwa mafundi watano kwenye baraza la duka la vitenge, watatu wanawake na wawili wanaume, vyerehani vyetu vya miguu vimepangwa mstari mmoja ukutani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye asili yake ni Pangani, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kuweka tende kwenye kopo kwa ajili ya watoto wa watu. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje kupimwa, na kila mmoja wetu alipata riziki yake.

Binti yangu alizaliwa Kagerankanda, kijijini kwetu, na alichelewa kulia. Alitembea akiwa na miaka minne. Maneno hakuwa nayo. Hospitali waliniandikia kwamba ana ulemavu wa akili, wakanipa karatasi, nikaikunja na kuiweka kwenye Biblia ya mke wangu. Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja mjini, kwa hiyo mtoto aliishi na mama yangu kijijini. Mama alimpenda. Nalisema hilo mapema ili nisieleweke vibaya. Lakini mama ana shamba, na mtoto alikuwa na tabia ya kujigonga na kujiuma mkono, basi kila alipokwenda kulima alimfunga mguu kwa kipande cha kitenge kwenye tendegu la kitanda. Niligundua alama ya kufungwa nilipokwenda kuwasalimia baada ya mwaka mpya. Pale kifundoni ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na laini, imezoea. Mama alilia akinieleza. Mimi sikulia, nilikasirika. Nikampakia mtoto kwenye baiskeli siku ileile.

Ukoo haukupenda. Baba yetu alishafariki, na neno la mwisho lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Alinitumia ujumbe kwamba mtoto wa namna ile mjini ni aibu na ni hatari, barabara zina magari, nami sina muda wa kumchunga. Nikajibu kwamba mwanangu hafungwi tena. Akasema sawa, tutaona. Maharage yakishavunwa mwezi wa sita atakuja mwenyewe kuangalia, na akimkuta bado anajigonga, atamrudisha kwa mama. Nilimsomea mke wangu ujumbe huo. Tulijua kurudi kwa mama maana yake ni tendegu.

Basi nikaenda naye kazini. Asubuhi hadi jioni alikaa sakafuni kati ya cherehani changu na nguzo ya baraza, na kikapu cha vipande vya vitambaa cha kuchezea. Na alijigonga. Mara nne, mara tano, siku nyingine mara kumi. Kila alipoanza, vyerehani vyote vitano vilisimama. Tulinyanyuka wote. Fundi wa jirani yangu, mama mwenye mikono mikubwa, alikuwa wa kwanza kumnyakua na kumbeba. Mwingine alimfuta damu. Mwenye duka alitoka na tende. Wateja walisogea, wakasikitika, wakauliza kama tumejaribu maombi. Mimi nilimkemea, kisha nikambembeleza, kisha nikamkemea tena. Tulijiona watu wema sana.

Mwalimu ndiye aliyetuharibia wema wetu. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Iringa, serikali ilimleta kufundisha darasa la watoto wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi pale mjini. Siku hiyo alikuja kupunguziwa gauni. Nilimpa kigoda asubiri, akasubiri saa nzima, na macho yake hayakutoka kwa binti yangu. Nilipomkabidhi gauni akaniuliza:

"Fundi, tangu nifike hapa mmemtazama mtoto mara ngapi?"

Nikamwambia tunamtazama muda wote.

"Mara tatu," akasema. "Na zote tatu alikuwa anajigonga."

Damu ilinipanda. Nilimuuliza ana watoto wangapi. Akasema hana. Nikamwambia basi asinifundishe kulea. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akaomba daftari langu la vipimo, lile la kuandikia kifua, kiuno na urefu, akaligeuza kwa nyuma na kuchora mistari miwili kwa kalamu, zikawa safu tatu. Ya kwanza: kabla hajajigonga kulikuwa na nini. Ya pili: alifanya nini. Ya tatu: sisi tukafanya nini.

"Usiniamini mimi," akasema. "Andika wiki moja, halafu ujisomee."

Niliandika ili nimwoneshe kwamba amekosea. Mimi ni mtu wa vipimo, siandiki uongo kwenye daftari lile, maana ukidanganya kwenye kiuno gauni litakuumbua. Safu ya kwanza ilikuwa na kila aina ya mambo. Nampima mteja koti. Oda ya sare, wote tumeinama. Mwenye duka anaongea na mgeni wake. Mke wangu kaleta chakula na anasimulia habari za nyumbani. Safu ya pili ilikuwa ileile kila siku: kajigonga, kajiuma. Ya tatu nayo ilikuwa ileile: tukaacha kazi wote, kabebwa, kapewa tende. Jumamosi nilikaa na daftari lile nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ukurasa mzima ulisema kwamba mwanangu alikuwa anafanya kazi kwenye baraza lile kuliko sisi wote, na mshahara wake ulikuwa nyuso tano na mikono ya kumbeba. Nikajaribu kuandika tunachofanya akiwa ametulia, akicheza na vipande vyake. Sikupata cha kuandika. Akitulia tulimshukuru Mungu na kumsahau.

Na jambo moja lilinichoma zaidi. Sisi Waha, watumishi wa serikali wanaotoka mikoa mingine hutucheka kwa salamu zetu. Mtu akipita na mzigo kichwani atasimama, atapiga makofi taratibu, ataulizwa alivyoamka, nyumbani, watoto, mvua, na hajibu kwa haraka. Pale barazani hakupita mtu bila salamu, hata mlevi, hata mgambo wa soko. Ila huyu. Watu walinisalimu mimi juu ya kichwa chake, kijijini na hapa, kwa miaka minane, nami niliona ni kawaida kwa sababu hajui kujibu. Baba mzima, sikuwahi kumsalimu mwanangu.

Jumatatu nilirudi kwa mwalimu nikamwambia umeshinda, sasa niambie. Alinieleza kwa maneno machache. Akijigonga, hakikisha haumii, lakini usimpe uso wala neno. Akitulia, mpe vyote viwili, na mara nyingi kuliko unavyodhani. Akanionya kwamba kwanza ataongeza. Atagonga zaidi, maana ataona mlango uliokuwa unafunguka umefungwa. Kisha akasema darasani kwake kuna nafasi, ila mwalimu mkuu hampokei mtoto anayejitoa damu. Kwa hiyo sasa nilikuwa na watu wawili wa kuwasubiri, kaka yangu na mwalimu mkuu.

Nilishona mto mrefu, nikaujaza mabaki ya vitambaa, nikauviringisha kwenye nguzo. Kisha nikawakusanya mafundi wenzangu. Mpango ulikuwa wangu na bado najivunia. Cherehani kina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na bobini ikiisha uzi lazima usimame uijaze. Tuko watano, na uzi hauishi kwa wote wakati mmoja. Nikasema kila mtu bobini yake ikiisha, kabla hajaijaza, amgeukie mtoto, apige makofi na kumsalimu kama anavyomsalimu mtu mzima. Kama ametulia. Akiwa anajigonga, hakuna anayesimama. Mguu ubaki kwenye kanyagio. Atakayekuwa karibu ausogeze mto uwe mahali pake, bila kumwangalia.

Fundi mwenye mikono mikubwa aliweka mkasi chini. "Yaani mtoto alie, mimi nishone?"

"Ushone."

"Na watu wanaopita?"

"Wapite."

Mwenye duka hakuweza. "Fundi, sisi hatukulelewa hivyo," aliniambia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mtoto akilia nami nikae tu?" Nikamwambia mzee wangu, kama huwezi, ingia ndani nyuma ya vitambaa. Akawa anaingia. Mtoto akianza kugonga tulimwona mzee anatoweka na kopo lake la tende kifuani, na mteja anabaki peke yake kaunta.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa jehanamu na sitazipamba. Aligonga mpaka mto ukapasuka nikaushona upya. Alitupa mkasi wangu mtaroni. Alirarua kitenge cha bi harusi mtarajiwa, nikajieleza mpaka koo likakauka. Siku hizo ndipo yule mama alipotema mate. Mmoja alisema nataka mtoto afe nipumzike. Nilisikia yote huku mguu unakanyaga, na mara nyingine nilishona mahali ambapo hapakuwa na kitambaa, kwa sababu sikuwa naona vizuri kwa machozi.

Mke wangu alikuja siku ya tatu, akakuta mtoto anagonga na sisi tumeinama. Aliweka chini sufuria ya ugali na mboga ya mgagani, akamnyanyua, akaondoka naye.  Kesho yake asubuhi nilimpa daftari. Alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mistari. Nilitegemea atapinga. Akasema, "Mimi siwezi kutomwangalia akiwa analia. Usinidai hilo. Lakini naweza kumwangalia kabla." Tangu siku hiyo alikuja saa nne kila siku, saa ambayo daftari lilionesha ndiyo mbaya kuliko zote, akakaa sakafuni naye, wakapanga bobini tupu mstari mmoja. Mkono ulipoanza kupanda mdomoni, yeye alikuwa ameshamaliza kucheza na kuondoka zamani. Mke wangu alielewa jambo lile kunipita mimi na bobini zangu.

Halafu tukafanya kosa. Tulikuwa na hamu mno. Mtoto akiacha tu kugonga, hata kabla hajafuta pua, watu watano tuliacha kazi, makofi yakavuma, "Mwidiwe, mwidiwe mama," salamu yetu ya Kiha, na mwenye duka akatoka mbio nyuma ya vitambaa na tende. Baada ya siku chache nikaona kwenye daftari kitu kipya. Alikuwa anakwenda kwenye nguzo, anagonga mara tatu, wala si kwa nguvu, kisha anageuka, anakaa, anatukodolea macho. Alikuwa anabisha hodi. Nilicheka mpaka fundi wa pili akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Tulidhani tunamfundisha kuacha, kumbe tulimfundisha kuanza ili aweze kuacha. Tukabadilisha: akinyamaza, ushone kwanza upande mzima wa sketi, taratibu, ndipo ugeuke. Mzee tulimwomba aukalie mkono wake wa tende.

Mwezi wa nne, siku ya mvua, bobini yangu iliisha uzi. Nikageuka, nikapiga makofi. Binti yangu aliweka chini kipande cha kitambaa, akakutanisha viganja vyake. Havikutoa sauti. Alivikutanisha tena. Fundi mwenye mikono mikubwa aliona pia, na yeye ndiye aliyelia, mimi nilijaza bobini. Wiki chache baadaye alianza kutupigia makofi yeye mwenyewe, kwa zamu, akisimama mbele ya mtu hadi ajibiwe. Nikaweka sheria: akikuomba hivyo unamjibu hapohapo, hata kama sindano iko katikati ya kola. Wateja walinung'unika. Mwenye duka alimwacha ofisa mmoja na kitambaa kimekatwa nusu, akatoka kuitikia salamu. Ofisa akasema kwamba duka hili lina wazimu. Mzee akamwambia ndiyo, akarudi kumalizia kukata.

Kugonga hakukuisha. Kulipungua mpaka mara moja kwa siku, siku nyingine hata mara moja hakuna. Ndivyo tulivyokuwa kaka yangu alipofika mwezi wa sita.

Alikuja na koti, ingawa jua lilikuwa kali. Akasalimia baraza zima ipasavyo, mmoja mmoja, juu ya kichwa cha mtoto. Nikampa kigoda. Tukaanza habari za mama, za maharage, za ng'ombe aliyezaa. Tulikuwa wote tumemgeukia mgeni, na hilo nilipaswa kuliona. Binti yangu alinyanyuka, akaenda kwenye nguzo, akagonga.

Hakuna aliyegeuka. Vyerehani vitano havikusimama. Nilinyoosha mkono wa kushoto nikasogeza mto, nikaendelea kushona, na moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko yeye.

Kaka alisimama. "Mmekuwa wanyama nyinyi?" Akaanza kumwendea.

Aliyemzuia si mimi. Ni mwenye duka, yule ambaye hakuwahi kuivumilia sauti ile hata mara moja. Safari hii hakuingia ndani. Alisimama mbele ya kaka, mikono imeshika kopo lake, akamwambia, "Mgeni wetu, tafadhali kaa." Kaka akakaa, kwa heshima ya mvi tu.

Mtoto aligonga kidogo zaidi, akaacha. Nilishona upande mzima wa sketi. Sijawahi kushona mshono mrefu kama ule. Kisha mtoto akaja mwenyewe, akasimama mbele ya baba yake mkubwa, akapiga makofi.

"Anataka nini?" kaka akaniuliza.

"Anakusalimu. Mjibu."

"Huyu hajui anachofanya."

Akapiga tena. Kaka aliniangalia mimi. Mtoto alisubiri, kisha akageuza shingo kuitazama nguzo. Hapo sikuweza tena kuwa mdogo mtu. "Kaka," nikasema, "akirudi pale, damu itakayotoka ni yako."

Kaka alipiga makofi mawili mepesi, bila neno. Yalitosha. Binti yangu alirudi kwenye kikapu chake.

Kaka akamfuata kwa macho. "Bado anajigonga," akasema. "Tulikubaliana."

"Bado anajigonga. Na haendi."

"Kesho akigonga?"

"Tutashona."

"Watu watasema."

"Wameshasema. Wamesema nina moyo wa jiwe, na bado niko hapa." Sauti yangu ilikuwa juu, wapita njia walisimama, nami sikuishusha. "Kule nyumbani mko watu kumi na wawili, na nyote mnamwangalia vizuri sana akishajiumiza. Hata mimi. Miaka minane nimempa uso wangu kwa bei ya damu yake. Nimekoma. Kamwambie mama nampenda, na kawaambie wengine kwamba mtoto anaanza shule mwezi wa saba. Kama mwalimu mkuu hatamtaka, atarudi hapa barazani. Kwenye tendegu harudi, hata nikifa mimi."

Kuhusu mwalimu mkuu nilikuwa najigamba, maana alikuwa hajakubali. Alikubali baadaye, kwa nusu siku, kwa kuninong'onea kwamba ni majaribio. Lakini siku ile sikuwa na kitu mkononi zaidi ya daftari la vipimo.

Kaka alinyanyuka, akajikung'uta koti. Gari la Kagerankanda lilikuwa linakaribia kuondoka. "Nitarudi peke yangu," akasema, na hakusema kama amekubali au amechoka. Akaagana na mafundi, akaagana na mzee. Akashuka ngazi ya kwanza, akasimama. Kisha akapanda tena, akaja mpaka pale sakafuni ambapo binti yangu alikuwa akipanga bobini tupu, ametulia kabisa, hamwombi mtu chochote. Akainama na koti lake, akapiga makofi, na safari hii akasema maneno yote, alivyoamka, alivyoshinda, nyumbani, mama yake, kama anavyomsalimu mtu aliyetoka mbali.

Binti yangu hakuinua kichwa. Alikuwa na kazi yake.

Kaka akanigeukia, mikono bado imekutana. Nikamwambia asubiri. Akasubiri.